Sauti za wanawake kwenye habari za Mtwara na Lindi: mwongozo wa chumba cha habari

Msimu wa korosho ukifunguliwa, sikiliza taarifa yoyote ya habari ya huku Kusini. Mnada umefanyika, bei ya juu na ya chini zimetajwa, na wanaosikika ni meneja wa chama kikuu cha ushirika, mwenyekiti wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), mnunuzi na mkuu wa wilaya. Aliyepalilia, aliyeokota na aliyetenganisha korosho na bibo (tunda lake) hasikiki, na mara nyingi huyo ni mwanamke. Akipatikana, hupewa sekunde saba mwishoni kusema anashukuru.

Si tatizo la Kusini peke yake. Uchunguzi wa kimataifa wa GMMP, unaopima habari za siku moja duniani kila baada ya miaka mitano, ulikuta mwaka 1995 wanawake ni asilimia 17 ya watu wanaosikika au kuandikwa kwenye habari. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 24, mwaka 2015 asilimia 24 vilevile, na mwaka 2020 asilimia 25. Mwaka uleule wa 1995 mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, uliweka wanawake na vyombo vya habari miongoni mwa maeneo 12 ya kufanyiwa kazi. Hapa nchini TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, ilikuwa imeshaanzishwa tangu 1987. Maazimio na semina vimekuwepo siku zote. Kinachoamua nani asikike leo saa moja jioni ni mambo madogo ya kazi: namba zilizo kwenye simu ya mwandishi, saa aliyotoka ofisini, na mahali mhariri anapoanza kukata. Ndiyo yanayoshughulikiwa hapa, kwa redio ndogo, kwa mwandishi wa mkoani anayetuma habari Dar es Salaam, na kwa afisa habari wa halmashauri.

Hatua ya 1: Hesabu wiki mbili kabla ya kubadili chochote

Usitangaze kampeni. Ukitangaza, kila mtu ataleta wanawake wiki ya kwanza na hutajua hali yako halisi. Chagua wiki mbili za kawaida. Epuka wiki yenye Machi 8, siku 16 za kupinga ukatili (Novemba 25 hadi Desemba 10) na wiki ya Nanenane pale Ngongo, kwa kuwa siku hizo sauti hufurika kuliko kawaida.

Chukua daftari kubwa au jedwali la kompyuta, uweke safu hizi: tarehe, habari, mahali ilikotoka, mtu aliyesikika, jinsia, nafasi aliyosemea, sekunde alizopewa, habari ilikuwa ya ngapi katika taarifa, mwandishi aliyemtafuta. Kwenye gazeti, badala ya sekunde hesabu maneno yaliyonukuliwa, na ongeza safu ya picha.

Safu ya nafasi ndiyo moyo wa zoezi. Tumia herufi sita: M kwa msemaji wa taasisi, T kwa mtaalamu, K kwa anayeifanya kazi yenyewe (mkulima, mvuvi, mbanguaji, mwenye mashine ya kukoboa), S kwa shuhuda, A kwa aliyepatwa na jambo, na R kwa maoni ya mpita njia.

Kanuni za kuhesabu ziandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari ili asitokee wa kubishana kila siku:

Hesabu habari mlizotengeneza wenyewe tu. Taarifa mnayojiunga nayo kutoka kituo kingine haihesabiwi, kwa kuwa hamkumchagua aliyesikika.

Mtu mmoja ndani ya habari moja ni hesabu moja, hata akisikika mara tatu. Sekunde zake ndizo zijumlishwe.

Kiongozi asiyeepukika apewe safu ya peke yake. Rais wa nchi tangu Machi 2021 ni mwanamke, Samia Suluhu Hassan. Ziara yake ya siku tatu ikiingizwa kwenye hesabu ya kawaida, asilimia yenu itapanda bila ninyi kufanya chochote. Vivyo hivyo kwa waziri au mkuu wa mkoa: sauti yake ingekuja hata kama mngelala. Kanuni hii ya kupima tu kile mnachokiamua wenyewe ndiyo iliyobeba mpango wa 50:50 wa BBC, ulioanza mwaka 2017 kwenye kipindi kimoja cha habari cha mtangazaji Ros Atkins.

Mtu anayetajwa tu bila kusikika wala kunukuliwa asihesabiwe.

Aliyeandika habari asiihesabu mwenyewe. Mpe kazi hiyo fundi mitambo wa zamu au mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mara taarifa inapoisha. Ni dakika kumi kwa siku. Ikiachwa hadi Ijumaa inakuwa kazi ya kukumbuka, na watu hukumbuka wanachopenda.

Hatua ya 2: Soma hesabu kwa macho mawili

Tuseme taarifa ya dakika kumi ilikuwa na watu 11, wanawake watatu. Hiyo ni asilimia 27, na mhariri atavuta pumzi. Sasa jumlisha sekunde: sauti zote 190, za wanawake 31. Imeshuka hadi asilimia 16. Angalia herufi: wawili ni R, mmoja ni A. Maana yake siku hiyo hakuna mwanamke aliyesikika kama mtu anayejua jambo. Wawili walikutwa sokoni, mmoja alikuwa na msiba.

Hapo ndipo vyumba vingi vya habari hujidanganya. Kuongeza wanawake wa R ni rahisi mno, unasimama stendi na simu asubuhi moja unarudi nao wanane. Ukiona asilimia imeruka ghafla, kagua R kwanza. Kosa la pili ni mwanamke mmoja mwenye maneno matamu anayeitwa kwa kila jambo, leo lishe, kesho korosho, keshokutwa uchaguzi. Daftari litamfichua, maana jina lake litajirudia.

Lengo la kwanza lisiwe nusu kwa nusu. Chukua mlipo, ongeza pointi kumi kwa miezi mitatu, na mziweke kwenye T na K. Mkiwa asilimia 16, tafuteni 26.

Hatua ya 3: Jenga daftari la vyanzo

Mwandishi anayefukuzana na saa humpigia yule ambaye namba yake anayo. Ukifungua simu za waandishi wa mkoani utakuta makatibu, wenyeviti, makamanda na wakurugenzi. Kwa hiyo kila mwandishi alete majina mawili mapya ya wanawake kila wiki. Waandishi watano kwa wiki nane watakuwa na majina 80. Karibu nusu yatapukutika kwa namba kubadilika au mtu kuahirisha. Arobaini yaliyobaki yanatosha kuanzia.

Pa kuwatafuta ni pengi kuliko tunavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, watatu kati yao wanawake. Yaani kila kijiji chenye baraza kina wanawake watatu waliosikiliza mashauri ya mipaka na mirathi. Halmashauri zina madiwani wa viti maalumu, ambao waandishi huwasahau kwa kuwa hawana kata ya kutajwa. Kuna watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kwa korosho, ufuta na karanga. Wahadhiri wa Stella Maris Mtwara. Wauguzi na wakunga wa hospitali za Ligula, Sokoine na Ndanda. Maafisa ugani, makarani wa mizani kwenye maghala, wajumbe wa bodi za AMCOS na jumuiya za watumia maji, wahasibu wa VICOBA, wenye vibanda vya kubangua korosho, wakulima wa mwani wa Kilwa na Mikindani. Vikundi vilivyokopeshwa kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu) vinajulikana kwa afisa maendeleo ya jamii. Mwombe akuulizie kwanza kwa wahusika, usimwombe akupe orodha yote ya namba za watu.

Kwa kila jina andika: anavyotaka kuitwa hewani, cheo au kazi, maswali matatu anayoweza kuyajibu vizuri, namba ya simu, na kama ni yake au ya nyumba nzima, saa anazopatikana, lugha anayojisikia huru nayo, kama amekubali sauti, picha, au vyote, na tarehe ya mwisho kumtumia. Sehemu ya maswali matatu isiachwe wazi. Ukiandika "mkulima" tu, atapigiwa simu kuulizwa mambo ya jumla, atajibu ya jumla, na mhariri atasema hana jipya. Ukiandika "anajua gharama ya kupulizia salfa ekari moja, namna mzani unavyopunguza kilo, na kwa nini malipo huchelewa", atapigiwa simu siku inayofaa.

Simu ya nyumba inahitaji adabu yake. Akipokea mume au mtoto, jitambulishe kwa jina na kituo, sema unachotaka, uliza saa nzuri ya kupiga tena. Mwandishi mwanamume anayekata simu akisikia sauti ya kiume humletea mwanamke huyo maswali asiyostahili. Daftari lenyewe lifungiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu na ninyi, na namba za wanawake zikizagaa kwenye makundi ya WhatsApp hakuna atakayekubali tena kuandikwa.

Hatua ya 4: Panga habari kwa saa zake

Mikutano na waandishi wa habari huitwa saa tatu au saa nne asubuhi. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) maji hukupwa karibu na saa hizohizo, na mama wa mwani yuko majini akifunga kamba. Wakati wa palizi yuko shambani hadi jua kali. Baadaye mwandishi husema wanawake wa kijiji kile hawajitokezi.

Weka kalenda ya mwezi mwandamo ukutani. Siku za bamvua, wafuate wakulima wa mwani ufukweni wanaporudi na mzigo, au subiri maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Kwa wakulima wa bara, kuanzia Newala hadi Nachingwea, saa nane hadi saa kumi alasiri hufaa zaidi. Mwezi wa Ramadhani usimpigie mtu simu kuanzia saa tisa hadi magharibi; yuko jikoni na futari. Wabanguaji hulipwa kwa kazi waliyoimaliza, kwa hiyo nusu saa ya mahojiano ni fedha yao. Uliza wanapopumzika.

Kwenye kikao cha asubuhi mhariri aulize kila habari maswali mawili: nani anaifanya kazi hii kwa mikono yake, na nani ataguswa na uamuzi huu bila kuulizwa? Asiridhike na "nitatafuta mwanamke", atajiwe jina na saa. Jina likikosekana, daftari lifunguliwe palepale.

Korosho ni mfano mzuri. Chini ya stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza korosho zikiwa zimekusanywa ghalani, malipo huingia akaunti ya benki ya mkulima aliyesajiliwa. Swali moja tu, akaunti ni ya nani katika nyumba hiyo, linazaa habari yenye uzito kuliko bei ya mnada ambayo kila kituo kinayo. Linajibiwa na mwanamke mwenye shamba, na mjumbe wa bodi, na afisa wa benki. Linganisha na ile habari ya kila msimu kuhusu wanawake wanaokimbilia wanaume wenye fedha za korosho: hakuna jina, hakuna takwimu, hakuna mwanamke aliyeulizwa. Hiyo itupwe.

Hatua ya 5: Mahojiano yenyewe

Anza na shikamoo na habari za nyumbani, bila haraka. Kaa barazani au mahali pa wazi, hasa mwandishi akiwa mwanamume. Mtu wa tatu akitaka kuwepo, awepo, ila akae nyuma ya mwandishi na asijibu maswali.

Jibu utakalolisikia mara nyingi ni "muulize mwenyekiti". Halimaanishi hajui. Anachelea kusemea kikundi bila kutumwa. Mwondolee mzigo huo: "Mama, ya kikao nitamuuliza mwenyekiti. Wewe nieleze jana mliokota kilo ngapi, na mzani ulisemaje." Anza na kazi, kilo, saa na bei, maoni yaje baadaye. Ukianza na "unajisikiaje kama mwanamke", utapata jibu la semina.

Akisema asubiri mume arudi, usimshinikize na usimhoji mume badala yake. Acha maswali, panga saa ya kurudi, na wakati huo mtafute mwenzake wa kazi hiyohiyo. Wanawake wawili au watatu wa kikundi kimoja wakikaa pamoja huongea kwa uhuru, lakini rekodi mmoja mmoja, la sivyo hutaweza kukata sauti.

Ridhaa ni maswali mawili tofauti: unakubali sauti yako isikike redioni? Unakubali picha yako iwekwe mtandaoni? Wengi hukubali la kwanza na kukataa la pili. Rekodi majibu yote mwanzoni.

Ubora wa sauti ni jambo la usawa kuliko linavyoonekana. Mwenyekiti huhojiwa ofisini, mlango umefungwa. Mkulima huhojiwa uani, kuku wakilia na upepo wa kusi ukivuma. Jioni mhariri anatupa sauti ya mkulima kwa sababu "haiko safi". Zuia mapema: shika simu au maikrofoni sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, chini kidogo ya kidevu na kwa mshazari ili pumzi isigonge; vaa maikrofoni sponji, au kitambaa chepesi kama huna; mgeukie yeye ili mgongo wako uzuie upepo; zima redio ya jirani kwa kuomba, si kwa kuamrisha. Jaribu sekunde kumi, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uendelee. Anayeongea taratibu usimwambie apaze sauti, maana ataanza kuhutubia. Sogeza maikrofoni. Mwisho rekodi sekunde 20 za mazingira bila mtu kuongea, zitakusaidia kuunganisha vipande.

Bibi anayejieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde, Kimwera au Kiyao aachwe aongee lugha yake. Tafsiri ya Kiswahili isomwe na mwanamke. Akiisoma mwanamume, msikilizaji amesikia mwanamume, na daftari lako litasema uongo.

Hatua ya 6: Kuandika na kukata

Habari hukatwa kutoka chini. Mwanamke akiwa aya ya mwisho, ukurasa ukijaa tangazo ameondoka. Mweke ndani ya aya tatu za kwanza, na redioni sauti yake iwe ya kwanza au ya pili. Kipande cha sekunde 15 hadi 25 kinatosha kubeba hoja moja. Cha sekunde saba hubeba salamu tu.

Majina na vyeo vilingane. Kama mnaandika Dkt. kwa mwanamume, andikeni Dkt. kwa mwanamke, na asigeuke "mama huyo" aya inayofuata. Idadi ya watoto, ndoa na mavazi viandikwe pale tu vinapohusu habari. Geuza sentensi imhusu mwenyekiti mwanamume uone kama ungeiandika. "Mwanamke wa kwanza" thibitisha kabla ya kuandika, na hata ikiwa kweli, kichwa cha habari kiseme amefanya nini.

Picha nayo: kila anayetambulika apewe jina katika maelezo. "Baadhi ya akina mama wakishangilia" chini ya picha ambayo mgeni rasmi ametajwa na cheo chake ni uvivu. Piga picha mtu akiwa kazini, mzani mkononi.

Habari za ukatili

Hapa kuongeza mwonekano kunaweza kuumiza. Kutotaja jina la aliyebakwa hakutoshi katika kijiji cha kaya mia mbili. Kitongoji, kazi ya baba na umri wa mtoto vikikaa pamoja, kila mtu amejua. Taja wilaya, acha mengine. Usimhoji aliyetendewa siku ya tukio. Mtafute afisa ustawi wa jamii, wakili, au askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, na hao ndio waingie kwenye safu ya T. Sentensi imtaje mtuhumiwa kama mtendaji, na maneno kama "wivu wa mapenzi" yasitumike kueleza kipigo au mauaji. Malizia kwa msaada: dawati la polisi, namba 116 ya huduma kwa mtoto, na kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema ikiwezekana.

Habari za unyago pia zina mtego wake. Makungwi hutafutwa tu pale panapokuwa na mimba za utotoni, kama washtakiwa. Waulizeni pia kuhusu ratiba za likizo, afya na gharama, maana wao ndio wanaoshika shughuli.

Ndani ya chumba cha habari

Mwandishi wa kike asifungiwe kwenye "wanawake na watoto". Apewe gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo, bandari, bajeti. Vikao vya madiwani vinavyoisha usiku vipangiwe usafiri unaojulikana, si kumwachia bodaboda wa kubahatisha. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Kituo kiwe na watu wawili wa kupelekewa malalamiko, mmoja awe mwanamke, na mhariri mkuu asiwe peke yake kati yao.

Na fedha. Mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari moja moja hatakwenda Tandahimba mara ya pili kumfuata mwanamke aliyekuwa shambani, kama malipo ni yaleyale ya habari ya mkutano wa hotelini. Mlipeni nauli ya safari hiyo ya pili. Bila fungu hilo, hatua ya 4 itakufa ndani ya mwezi.

Kila mwisho wa mwezi wekeni hesabu ukutani kwa mada (korosho, siasa, afya, uvuvi, michezo), bila kuweka majina ya waandishi. Mada yenye asilimia ndogo ipewe majina matano mapya mwezi unaofuata. Kisha wapigieni simu wanawake watano waliosikika mwezi huo, muwaulize kama walinukuliwa sawasawa, na kama kuna lililowapata baada ya habari kutoka, kwa jirani, nyumbani au mtandaoni. Maoni ya matusi chini ya picha zao yafutwe siku hiyohiyo. Atakayesema hataki kuitwa tena, jina lake lifutwe kwenye daftari akiwa bado kwenye simu.